Kikapu ya Katekista

Banc yangu, benchi ya mbao, iko Kimanga mu Uvira, pembeni ya barabara ya kwenda Fizi, mgongo ku ukuta wa duka ya sabuni na macho ku ziwa. Minye ni Consolée, lakini hapa wote wananiita Mama Irambona, juu ya mutoto wangu wa kwanza. Nauzisha kahawa ya tangawizi, termo mbili, zikiisha narudi nyumbani. Banc ile haiko ya serikali, ni yangu, na mara mingi najuta kuitengenezesha, juu wanaume watatu waliisha kuifanya bureau, ofisi yao. Kuko Osée, anachajisha simu za watu ku meza ya pembeni yangu. Tunamwita Antenne, juu anasikiaka habari zote, hata zile hazijatokea. Kuko Léopold, tunamwita Transit, anasaidiaka wafanyabiashara kupitisha mizigo ku mupaka wa Kavimvira, siku akipata client, na client amekuwa adimu. Na kuko Gracien, Docteur, juu alikataka majani mu uwanja wa lopitali moja, akarudi huku anajua magonjwa yote. Kikombe kimoja cha kahawa, hawa watatu wanaweza kukinywa mpaka jua lipite juu ya vichwa vyetu. Nikiwafukuza, wanasema minye niko na roho mubaya. Basi, niko nayo.

Siku ya posho moja, Jumamosi asubuhi, Ciza akakuja. Ciza ni mutoto wa Muzee Jean-Berchmans, katekista wetu, nyumba yao iko nyuma ya banc, ile ya mlango wa bluu. Anafundisha mathématiques mu sekondari, na mu familia yao njo yeye fundi wa mambo ya mashini. Kila siku anapitaka hapa na shati imepigwa pasi, bonjour moja, anaenda. Siku ile alikuja na sapatu za ndani, vifungo vya shati vimepishana.

— Mama Irambona, unipe kahawa. Usiweke sukari.

Sukari yangu haina bei, iko ndani ya kahawa. Muntu wa Uvira akikataa sukari ya bure, ujue kuko maiti nyumbani.

— Nani amekufa? nikamuuliza.

— Bado muntu. Baba akifika toka Lemera, njo tutajua kama ni minye.

Antenne akasogeza sikio, na mwili wote ukafuata.

— Ulifanya nini, mwalimu?

— Nilisaidia wazazi.

— Aa, hiyo! Docteur akasema. Hiyo inauaka watu wengi.

Ciza akashika kikombe na mikono mbili, akaeleza. Kwao kuko ordinatere, kompyuta ya zamani, ile ya mgongo mukubwa, mapadri walimupatia muzee siku wao walipata zingine. Mama yake, Mama Élisabeth, aliishonea kitambaa cha maua, anaifunikaka kama muntu mwenye homa. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi, unakuta bado inaandika "Bienvenue". Basi Ciza na dada yake Noella, yule aliolewa Bujumbura, wakajikaza. Noella akanunua ingine, mupya, nyembamba, ile ya kufungua kama kitabu. Muzee alikuwa amepanda Lemera kuzika dada yake. Watoto wakasema, akirudi na huzuni yake, akute zawadi ku meza.

— Asubuhi hii, Ciza akasema, nikawasha ya zamani ili nihamishe vitu vya baba. Nafungua "Documents": hakuna kitu. Nafungua fasi ingine: hakuna. Nikasema, kumbe muzee miaka yote hii anacheza karata tu! Kitu kilichojaa ni Corbeille. Ile picha ya kikapu pale chini, inaonesha imejaa makaratasi. Nikasema, kwanza nitoe takataka, mashini ipate kupumua. Nikabonyeza "Vider la corbeille", mwaga kikapu. Ikaniuliza kama kweli nataka. Nikaijibu oui, tena na hasira, juu inaniuliza minye kama mutoto.

— Sasa ubaya iko wapi? Transit akauliza.

— Mama akapita na ndoo. Akaniuliza: "Nyimbo za baba yako uliisha kuziona? Ziko mu kikapu. Vitu vyake vyote anawekaka mu kikapu."

Hapo minye nikaweka termo chini.

Sasa, mbele ya kumucheka muzee wa watu, muelewe. Ile kikapu ya matoleo ku misa, sisi wote tunaiita corbeille, hata bibi kizee ambaye Kifaransa chake chote ni neno lile moja. Miaka na miaka, Muzee Jean-Berchmans njo anaipanga mbele ya altare. Kile kimeingia mu corbeille ni cha Mungu. Kuko wezi hapa Uvira wanaanuaka nguo ku kamba zikiwa bado zinatoa maji, lakini corbeille hawaigusi. Sasa muntu kama yule unamuwekea mashini ndani ya nyumba, anaangalia, anaona picha ya kikapu, na chini yake wameandika Corbeille. Weye ungeweka nyimbo za Mungu fasi gani?

Na zile nyimbo, baba yangu! Anazitungaka yeye mwenyewe mu Kifuliiru. Korali inajua viitikio, lakini beti anazo yeye. Yeye anaimba mbele, wao wanajibu. Na mwaka huu muzee ameanza kusahau. Jumapili moja alianzisha ule wimbo wa shukrani, beti ya pili ikamukataa. Akasimama pale, mikono wazi, na korali ikajibu kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Wanawake wote mu banc yetu tuliangalia chini.

— Aliniambiaka, Ciza akasema, "mwanangu, siku kichwa kikiniacha, mashini itakumbuka." Na minye njo nimeenda kupangusa kile mashini ilikuwa inakumbuka.

Akaweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa bado imejaa.

Antenne hakuweza kuvumilia zaidi.

— Ngoja kwanza. Kufutwa si kupotea. Kitu kikifutwa kinapandaka ku satelite. Munafikiri réseau ya simu hapa ni mubaya juu ya nini? Satelite imejaa! Imejaa picha na nyimbo ambazo watu wamefuta.

— Tutazishusha namna gani? Ciza akauliza.

— Ni kupanda mulima na mashini, karibu na nguzo ya antenne. Ukifika pale zinashuka zenyewe. Maji hufuata mkondo.

— Bongo! Uongo! Transit akaruka. Satelite ya nani? Simu zetu hapa nusu ya siku zinashika réseau ya Burundi. Kitu kikifutwa Uvira, kinaenda Bujumbura. Zile nyimbo zimevuka Kavimvira bila jeton ya kuvukia, mwalimu! Sasa hivi ziko mu dépôt, ghala ya mupaka. Minye najua muntu.

— Unajua muntu wa dépôt ya nyimbo? nikamuuliza.

— Najua muntu anayejua. Tupeleke déclaration, tuseme ni mali ya dini, mali ya dini hailipiwi ushuru. Lakini tuende polepole, juu penye miti hapana wajenzi.

— Miti imeingia wapi? Docteur akasema. Ninyi wote hamujue ugonjwa. Mashini ikiishi na muntu muda murefu, inachukua magonjwa yake. Muzee anasahau, na yenyewe imesahau. Na dawa ya moto ni moto! Umefuta? Futa tena! Mwalimu, moins mara moins, hasi mara hasi, inatoa nini?

— Plus, Ciza akajibu, na sauti ya muntu anayeota.

— Munasikia? Ni mathématiques yake mwenyewe!

Na Ciza alikuwa anawasikiliza, wallahi. Muntu wa diplome, anageuza kichwa kwa huyu, anageuza kwa yule, kama mugonjwa mu chumba ya wagonjwa watatu wanaojifanya waganga. Uoga iko na nguvu.

— Ao, Antenne akarudi, uweke ile mupya pembeni yake. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile ya zamani ikiona bibi mudogo ameingia mu nyumba, itapata wivu, itarudisha nyimbo zote siku hiyo hiyo!

— Antenne, nikamwambia, weye uko na bibi mumoja na anakushinda. Nyamaza. Maji ikimwagika haizoleki.

Hiyo niliisema juu ya kumunyamazisha Antenne. Ikamupata Ciza. Akakunja mugongo, akaweka kichwa ku magoti. Nikamubadilishia kahawa, nikaweka sukari bila kumuuliza.

Pale pale moto, pikipiki ya abiria, ikasimama. Nani anashuka? Muzee Jean-Berchmans mwenyewe, kofia imejaa vumbi ya Lemera, mufuko wake wa bluu mukononi.

— Usiogope, mwalimu, Docteur akanong'ona. Tuko pamoja. Kifo cha wengi arusi.

Akasema hivyo, na wote watatu wakasogea mpaka mwisho wa banc, Ciza akabaki peke yake katikati.

— Tumsifu Yesu Kristu, muzee akasema.

— Milele na milele, amina, tukajibu. Pole ya musiba, muzee.

— Asante. Tulimuzika vizuri. Hata mvua ilitungojea. Ciza, juu ya nini uko ku barabara na sapatu za ndani?

Ciza akasimama. Akasema yote bila kupumua: ordinatere mupya, Noella, zawadi, kikapu.

— Baba, unisamehe. Nilimwaga corbeille.

Muzee akamwangalia. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha termo, nikasahau kukifunga, moshi ya tangawizi ikaendelea kutoka bure.

— Ulimwaga wapi?

— Baba?

— Corbeille. Ulimwaga wapi? Kikapu ikimwagwa, vitu vinaendaka fasi. Ku meza, ao mu mufuko, ao mu sanduku. Weye ulimwagia wapi?

Ciza akaangalia Antenne. Antenne akaangalia juu. Transit akaangalia upande wa Kavimvira. Docteur akaanza kukohoa. Watatu ambao sasa hivi walikuwa na majibu ya kuuzisha!

— Fasi hakuna, baba. Nilimwaga tu.

— Na ulikuwa na nani?

— Peke yangu.

Hapo njo muzee akakasirika. Ile kasirani ya katekista, ya kidole juu.

— Peke yako! Ciza! Tangu uko mutoto unaniona kanisani! Corbeille haimwagwake na muntu mumoja! Mumoja anamwaga, mungine anaangalia. Padri mwenyewe hamwagake peke yake. Nani alikufundisha hiyo tabia?

— Baba, nilisema nisaidie...

— Minye namwaga na Keza.

Keza ni présidente wa korali, mwanamuke wa kutulia, anashonaka nguo kule chini karibu na soko.

— Unamwaga na Keza namna gani? Ciza akauliza, polepole, kama anaogopa neno likimbie.

— Kila mwaka, Pasaka ikiisha. Anakuja na ile clé yake, flash ya kuchomeka. Tunavuta nyimbo toka mu kikapu, tunazimwagia mule mu clé. Minye navuta, yeye anaangalia. Kisha anavuta yeye, minye naangalia. Matoleo hailalake mu kanisa, weye! Utaacha vipi matoleo mu kikapu mwaka muzima? Na panya?

Hakuna aliyecheka ile panya. Sisi wote tulikuwa tunangoja neno moja tu, na Ciza akaogopa kuliuliza, mpaka minye nikaliuliza.

— Muzee, kwa hiyo nyimbo ziko kwa Keza?

— Sasa zitakuwa wapi?

Antenne akachomoa simu moja ku meza yake, ya client, hata hakujali. Akapiga, akaweka sauti kubwa. Ikalia, ikalia.

— Allô?

— Keza mwanangu, muzee akasema, ni minye. Ile clé iko?

— Iko, baba katekista, ku kamba ya rozari yangu. Karibu, ulirudi muzima? Jana jioni tuliifungua, tukachapisha beti za ule wimbo wa shukrani, vijana wajifunze. Zote ziko, baba, tangu zile za mwaka wa kwanza. Kuko nini?

— Hakuna kitu. Ni mutoto wangu alikuwa anasafisha nyumba.

Ciza akakaa. Hakukaa ku banc, akakaa chini, mu vumbi, na suruali ya kazi, akaanza kucheka. Kisha akalia, kisha akacheka tena, mate na machozi pamoja. Docteur akamupiga mugongo kama muntu amesakamwa na mufupa wa samaki. Minye pia machozi yakanitoka, nikasema ni moshi ya tangawizi. Transit akanyoosha suruali.

— Niliwaambia! Si nilisema najua muntu anayejua?

— Ulisema Bujumbura, Antenne akasema.

— Nilisema dépôt. Clé ni dépôt.

Basi tukacheka wote, mpaka mwanamuke aliyekuwa anapita na beseni ya samaki ndagala akasimama kutuuliza kama tumepewa nini. Nikawaongezea kahawa wote, hata wale wenye madeni. Siku moja haiui.

Lakini Ciza akajipangusa uso, wasiwasi ikamurudia kidogo.

— Baba, na zile uliandika tangu Pasaka? Zile nimefuta kweli.

— Ni wimbo mumoja tu.

— Mumoja! Lakini picha ilionesha kikapu imejaa!

— Karatasi moja inajaza ile picha, mwalimu wa hesabu. Muzee akakuna ndevu. Ulikuwa wimbo wa mvua. Haukuwa muzuri. Kila mara nikiuona, nasikia haya, nasema siwezi kumwimbisha muntu hii kitu. Lakini kuutoa nao ni haya, uliisha kumupa Mungu, utaenda kumunyang'anya? Nilikuwa nimefungwa. Sasa umenisaidia.

Akasema hivyo na uso wa kweli, na Ciza akashindwa kujua kama ashukuru ao aombe musamaha tena. Nafikiri alikuwa muntu mwenye furaha kupita wote mu Kimanga saa ile, na furaha ikamurudishia ualimu wake. Akasimama, akapangusa suruali, akaanza kufundisha.

— Lakini baba, ku hii mupya, usiweke tena mu Corbeille. Corbeille ya mashini haiko ile ya kanisa. Ni kikapu ya takataka. Mu bureau, karatasi mubaya wanaitupa mule.

— Ya takataka?

— Ndiyo, baba. Ya kutupa.

— Kweli kabisa, Antenne akasema. Ya kutupa.

— Poubelle, Docteur akaongeza, na kidole juu.

Muzee akakaa ku banc, akatoa kofia, akaikung'uta vumbi ku goti, akaivaa tena. Haraka hakuwa nayo.

— Munieleze basi. Minye nikitaka kurekebisha wimbo, nafungua kikapu, nabonyeza ku jina lake, na mashini inaniandikia "Restaurer". Nabonyeza pale. Wimbo unarudi mzima, hata nukta haijaanguka. Sasa takataka gani hiyo, inakutunzia kitu miezi, na ukiomba inakurudishia? Ninyi, mukiisha kutupa maganda ya ndizi, munarudiaka kuomba yarudi?

Antenne akasema "euh", ikaishia pale. Docteur akainua kikombe, akanywa hewa. Wakanigeukia minye na vikombe vyao, kama jibu iko mu termo. Nikainamisha ya kwanza, nikainamisha ya pili: tone moja, na tangawizi ya chini.

— Kahawa imeisha, nikawaambia. Na muzee amewauliza kitu.

Muzee akashika banc, akasimama polepole, ile ya muntu wa magoti mubaya.

— Twende, mwanangu, unioneshe hiyo mupya. Na umupigie Keza akuje na clé, tumwagie nyimbo mule.

— Leo, baba? Umetoka safari, umetoka ku maziko. Upumuzike. Tutafanya kisha Pasaka, kama desturi yenu.

— Leo. Kichwa changu sijue kama kitafika Pasaka ingine. Tukamwage tukiwa watatu, na weye njo uangalie.